Mtoto wangu yuko Nzega

Baba mdogo alinipigia simu kutoka Iguguno. Jirani yake ameng'oa minyaa ya mpakani, kaingia hatua kumi na tano ndani ya shamba la alizeti, na shauri limefika baraza la ardhi. Mzee akapanda basi hadi Singida mjini kutafuta wakili.

"Kaniambia milioni moja na nusu. Nikamtajia kwamba nina mtoto Ujerumani. Ikawa tatu."

Mimi huku Hamburg nimewahi kumdai mwenye nyumba amana yangu, euro 1,500. Wakili alifungua jedwali kabla hatujazungumza lolote la maana. Ujerumani ina sheria ya malipo ya mawakili iliyoanza Julai 2004. Unatazama thamani ya kinachogombewa, unakuta ada ya msingi. Kesi ikifika mahakamani, ada hiyo inazidishwa kwa 1.3 kwa kuendesha shauri na 1.2 kwa kuhudhuria kikao. Mashauriano ya kwanza na mwananchi wa kawaida, kama hamkupatana vingine, hayazidi euro 190 kabla ya kodi. Katika majimbo mengi, asiye na uwezo huchukua cheti mahakamani, akalipa wakili euro 15 za ushauri. Na kwa kuwa kwa kawaida anayeshindwa humlipia mshindi wakili, nilijua mapema nikianguka nitatoa kiasi gani.

Nyumbani nako jedwali lipo, tena wengi hawalijui: Amri ya Malipo ya Mawakili, Tangazo la Serikali Na. 264 la 2015. Shida ni kwamba mtu wa kawaida hukutana nalo kesi ikishakwisha, mshindi anapodai gharama zake kwa aliyeshindwa. Hapo bili inakaguliwa mstari kwa mstari: ada, nauli, nakala. Ikikatwa zaidi ya moja ya sita, aliyeileta hapati hata gharama za ukaguzi wenyewe. Ukali wote huo, na mzee aliyeuza magunia ya alizeti apate pesa ya kuanzia hajaonyeshwa hata ukurasa mmoja.

Lakini jedwali la Wajerumani nalo nisilisifu kupita kiasi. Hatua kumi na tano za ardhi Iguguno zina thamani gani? Ukikokotoa kwa thamani hiyo, ada haitoshi nauli ya wakili kwenda kuona mpaka, na bila kuuona mpaka hakuna kesi. Jedwali halijui kutembea shambani.

Nikamshauri arudi akaulize ada inahesabiwaje, kisha aombe makubaliano kwa maandishi. Pia aulizie wasaidizi wa kisheria, wanaotambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Alirudi kwa wakili, akaanza kwa kutaja tangazo na namba yake. Wakili akacheka, akavuta karatasi, akaandika milioni moja na laki mbili, nauli ya shambani ikiwa humo.

"Na mtoto wa Ujerumani hakumuulizia?"

"Aliuliza. Nikamwambia amehamia Nzega."