Kapedo: Starehe Inayofungwa Kabla ya Giza

Kama wewe ni mkazi wa Nairobi, huenda umewahi kualikwa katika mmoja wa ile mikahawa ya Kichina au ya Kithai ya Westlands. Mambo ya huko unayajua. Saa mbili mnakula kwa adabu, vijiti vinawashinda, mnaomba uma. Ikikaribia saa nne sahani zinaondolewa, taa zinapunguzwa, muziki unapandishwa na mkahawa unageuka ukumbi wa disko. Ndipo zinapotangazwa saa za bei nafuu, vileo viwili kwa bei ya kimoja, na aliyekuwa akipiga hesabu ya nauli ya kurudi nyumbani anaisahau.

Jumapili hii nakualika Turkana. Usidhani kwamba huko hakuna starehe za usiku. Zipo, ila kuna mahali ambapo kilicho ghali si kinywaji, bali usiku wenyewe.

Tuanzie Lodwar, mji ambao wakoloni walimweka Mzee Jomo Kenyatta kizuizini kuanzia 1959 hadi 1961. Mchana jua halina huruma, na mwenye akili hukaa kivulini. Likishatua, mji huamka. Mbuzi huchomwa, samaki wa Ziwa Turkana hukaangwa, na redio hushindana kutoka baa hadi baa. Sheria ya vileo ya 2010, ile iliyopewa jina la Mututho, iliwataka wenye baa za kawaida wafunge saa tano usiku. Kwa joto lile, ni kama kumwambia mtu aondoke mezani chakula kikiwa ndiyo kwanza kimepakuliwa.

Ukitaka meza ya kigeni, songa mbele yapata kilomita 120 kaskazini magharibi hadi Kakuma. Kambi ya wakimbizi ilianzishwa hapo mwaka 1992, vijana waliokimbia vita vya Sudan wakiwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Walikuwapo Waethiopia pia, na hao walikuja na jiko lao. Leo mikahawa ya Kihabeshi ndiyo fahari ya Kakuma. Unaletewa injera, pana kama ungo na chachu kidogo, mchuzi ukiwa juu yake, na wote mnakula sinia moja kwa mkono wa kulia. Hapana vijiti vya kukuaibisha. Ukienda Jumatano au Ijumaa, usishangae ukiambiwa hakuna nyama. Ni siku za mfungo kwa Waorthodoksi, kwa hiyo agiza dengu na mboga. Kisha subiri kahawa. Hukaangwa mbele yako, moshi ukakufikia puani, ikatwangwa, ikachemshwa, ikamiminwa mara tatu. Mkupuo wa tatu huitwa baraka, na kuondoka kabla yake si heshima.

Lakini usisahau uko wapi. Wewe mgeni unahitaji kibali kuingia kambini, na mkimbizi anayekumiminia kahawa anahitaji kibali kutoka. Utafiti uliotolewa mwaka 2018 na shirika la IFC, la kundi la Benki ya Dunia, ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 pale Kakuma. Biashara hizo huishi kwa pesa za majirani. Mwaka 2025, misaada ya kimataifa ilipokatwa, mgao wa chakula ulipunguzwa sana, watu wakaandamana. Njaa ikiingia jirani, viti vya mkahawani navyo hubaki vitupu.

Sasa turudi Lodwar, tuteremke kusini. Tutapita Lokichar, ambako mafuta yaligunduliwa mwaka 2012, kisha Lokori, hadi mpakani mwa Baringo. Hapo ndipo Kapedo.

Ukiuliza ukumbi wa starehe, utaonyeshwa maporomoko. Maji ya moto hububujika kutoka kwenye miamba ya volkano magharibi mwa mlima Silali, yakakusanyika, yakaanguka kutoka kimo cha kama mita 10 katikati ya mikoma. Kisha hushika njia kaskazini na kuwa mto Suguta. Hakuna tikiti wala bawabu wa kukukagua viatu. Watoto hupiga mbizi, wazee hukanda magoti, na wewe unaweza kusimama chini ya maji hayo hadi vumbi la safari lote likutoke. Kwa maoni yangu, hakuna hoteli ya kifahari Nairobi yenye bafu kama hilo.

Saa nzuri kuliko zote ni alasiri kuelekea magharibi, jua linapolegea. Ni saa fupi. Waturkana na Wapokoti wamegombania mji huu na malisho yake kwa muda mrefu, na kila upande una hoja zake kuhusu mpaka. Mwishoni mwa 2014 polisi wapatao 20 waliuawa karibu na hapa. Januari 2021 kamanda wa kikosi cha GSU aliuawa katika eneo hili hili. Februari 2023 Serikali ilitangaza amri ya kutotoka nje usiku katika sehemu za kaunti sita, Turkana na Baringo zikiwemo, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi. Kwa hiyo, kabla hujafunga safari, ulizia hali ya barabara katika kituo cha polisi, na ukiambiwa usubiri magari yanayosindikizwa, subiri.

Ukijaliwa kufika, utawaona akina mama, ifikapo saa kumi na moja na nusu, wakikunja nguo walizoanika juu ya mawe na kuwaita watoto majina mmoja mmoja. Watoto hujifanya hawasikii, kama watoto wa popote. Mwishowe hutoka, miili ikifuka mvuke, wakapanda njia ya kurudi nyumbani kwa mbio. Maji huachwa yakianguka gizani, yangali moto, bila mtu.