Liki ya Petro

Machi mosi, sikukuu ya Mtakatifu Daudi, watoto wa Cardiff, Wales, huenda shule wamebandika kifuani ua la njano: dafodili. Kwa Kiwelisi huitwa cenhinen Bedr, yaani liki ya Petro.

Jina tamu, ila mimi mwandishi wa afya lilinishtua. Kile kinachopandwa ardhini kinafanana kabisa na kitunguu, nacho kina sumu ya laikorini inayotapisha vibaya. Mwaka 2015 mamlaka ya afya ya Uingereza iliziomba supamaketi zisiweke dafodili karibu na mboga.

Mzazi mwenzangu uliye huko, usiziweke jikoni kamwe. Mtoto akila, usimlazimishe kutapika. Mpeleke hospitali haraka, na ubebe kipande alichobakiza.