Usimgeuzie mwenzako shavu lake

Warumi 13 ni sura ambayo wahubiri wengi wa Kenya huikumbuka tu vijana wakiwa barabarani. Mwaka mzima hutaisikia. Bei ya unga ikipanda, kimya. Pesa ya umma ikiliwa, kimya. Lakini tukishika mabango na chupa za maji, ghafla kila mimbari inajua kwamba mamlaka yote yametoka kwa Mungu. Jumapili ya 30 Juni 2024, siku tano baada ya waandamanaji kuingia Bunge kwa sababu ya Mswada wa Fedha, nilihubiriwa hiyo sura karibu saa nzima. Waliopigwa risasi waliombewa dakika moja hivi, mwishoni, pamoja na watahiniwa.

Sasa, mimi sibishani na Paulo. Nataka tu tumsome mzima mzima. Huyu ndiye alichapwa viboko akatupwa jela kule Filipi bila kesi. Asubuhi mahakimu wakatuma watu wamwachilie, aende zake polepole bila kelele. Akakataa! Akasema yeye ni raia wa Rumi na wamempiga hadharani, kwa hivyo waje wenyewe wamtoe. Na wakaja, tena wakimbembeleza. Iko Matendo 16, kafungue. Tetemeko lilikuwa limefungua milango ya jela usiku huo na hakutoroka, wala hakumgusa askari. Lakini hakukubali pia aibu yao ifunikwe.

Na Yesu mwenyewe, aliyefundisha habari ya shavu la pili, alipozabwa kofi akihojiwa na Anasi, alimuuliza aliyempiga kosa lake ni lipi, na kama hakuna, mbona anampiga. Hakurudisha kofi. Hakunyamaza pia.

Wasee wangu, nawaona mkitabasamu hapo. Ngojeni kwanza. Usiku ule ule Petro alichomoa upanga akamkata mtu sikio, akaambiwa aurudishe mahali pake. Kwa hivyo hata hii stori ya tuchome kila kitu, usimwekee Yesu mdomoni.

Shida yetu ni kudhani njia ni mbili tu, kutii au kuchoma. Wakati wa Hali ya Hatari, kuanzia 1952, kulikuwa na Wakristo wa uamsho, wale Wakikuyu huita ahonoki, waliokataa kula kiapo cha Mau Mau. Kuna waliouawa kwa hilo. Mkoloni akadhani amepata watu wake, akataka wabebe silaha upande wa serikali. Baadhi yao wakakataa hilo pia. Siwapambi. Majirani waliwaona wasaliti, na mtu aliyenyang'anywa shamba alikuwa na haki ya kuuliza maombi yao yatamrudishia ekari ngapi. Hilo swali bado linanisumbua, manze. Lakini huwezi kuwaita waoga. Walichagua wenyewe, wakijua bei yake.

Hapo kwa kuchagua ndipo wahubiri wetu wananipoteza. Shavu la pili anageuza aliyepigwa, kwa hiari yake. Akiamriwa na aliyempiga, au na rafiki ya aliyempiga, hicho ni kipigo cha pili, si fundisho la Bwana.

Kuna mama mtaani kwetu aliyezika kijana wake mwaka huo. Viongozi wa kanisa lake walimtembelea wakiwa na unga, sukari na ushauri: asamehe, amwachie Mungu, aachane na hiyo kesi. Walisema kwa upole sana, na maombi juu. Akawajibu kwamba yeye alishasamehe zamani, kabla hata hawajabisha hodi. Anachotaka ni jina la aliyefyatua. Wakamwambia hayo mawili hayaendi pamoja. Ati hayaendi! Kwani kusamehe ni kusahau nani alifanya nini? Ukimsamehe mtu usiyemjua, umemsamehe nani?

Hajahama kanisa. Bado anaimba kwaya, sauti ya kwanza. Siku ya kesi kutajwa huwa tunamsindikiza hadi kortini, na pale langoni hutupa masharti mawili: tusimtukane askari yeyote, na tukiambiwa tuondoke, tusiondoke.