Kati ya "sababu" na "basi"

Kwetu Butembo mtoto akisema anataka kusoma Droit, jamaa yote inafurahi haraka. Wanamwona tayari amevaa kanzu nyeusi ya avoka, anakomboa shamba la babu. Hakuna anayeuliza kama mtoto anajua kupima maneno ao hapana.

Binti ya mdogo wangu amepata diploma ya Serikali, na sasa anajitayarisha kwa masomo ya sheria kule Makerere, Uganda. Njia ya Kasindi tunaijua, vijana wengi wanaipita. Lakini tangu mwaka 2012, Makerere waliweka mtihani wa kuingia Droit. Diploma peke yake haitoshi.

Sisi tumezoea Exetat, iliyoanza 1967. Exetat inauliza ulichosoma: kanuni, tarehe, maana ya maneno. Maulizo ya kupima akili ni kitu kingine. Unapewa maneno ya mtu, mistari mine ao mitano, kiisha unaulizwa: mtu huyu amekamata nini kuwa kweli bila kukisema? Habari gani ingevunja maneno yake? Hakuna cha kukariri.

Kwa mazoezi tulikamata maulizo ya LSAT, mtihani wa Marekani uliofanywa mara ya kwanza mwaka 1948. Zamani ulikuwa na mafumbo ya kupanga watu na viti, lakini yaliondolewa mwezi wa 8 mwaka 2024. Kila sehemu ni dakika 35 kwa maulizo karibu 25. Hesabu mwenyewe. Tena yako kwa Kiingereza, na mtoto amesoma kwa Kifaransa tangu zamani. Tulikuwa tunapigana na diksionere kuliko na akili. Ndipo nilianza kumtungia maulizo ya kwetu, kwa Kiswahili.

La kwanza alilipata mbele ya baba yake, mchimba dhahabu wa Manguredjipa: "Kila shimo lililotoa dhahabu kwenye kilima hiki lilikuwa na jiwe jeupe. Shimo la fulani liko na jiwe jeupe. Basi litatoa dhahabu." Mtoto akafikiri. Baba yake akacheka: "Kaka, juu ya ile jiwe nyeupe watu wameuzisha mpaka mbuzi ya mahari!" Kosa alilijua bila kukaa Droit hata siku moja. Jiwe jeupe linafuatana na dhahabu, lakini liko pia mahali pasipo kitu. Wachimbaji wanaosoma gazeti hili watanielewa mbele ya walimu.

Ulizo lililotutesa ni hili: "Watu wengi walioingia kituo cha Ebola walikufa. Wengi waliobaki nyumbani ni wazima. Basi kituo njo kinaua."

Aliweka kalamu chini. Mwaka 2019 alikuwa na miaka 12, na jirani yetu, mama wa watoto wanne, alifichwa nyumbani juu ya maneno haya haya. Alipopelekwa, ilikuwa saa ya mwisho.

Wasomaji wanakumbuka. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 mwezi wa 8, 2018, ukamalizika tarehe 25 mwezi wa 6, 2020, na watu zaidi ya 2,200 walikufa. Mwezi wa 2 mwaka 2019 vituo vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Tarehe 19 mwezi wa 4, Docteur Richard Mouzoko, Mkameruni wa OMS, aliuawa ndani ya Cliniques universitaires du Graben. Wageni wengine walisema sisi ni wajinga. Mimi sikubali. Tarehe 26 mwezi wa 12, 2018, siku nne mbele ya uchaguzi, CENI ilitangaza kwamba Beni na Butembo hatutapiga kura pamoja na wengine, juu ya Ebola na ukosefu wa usalama. Lakini masoko yalikuwa wazi, makanisa yamejaa. Watu wakasema: "Ebola imetumika kutunyima kura, basi Ebola ni siasa, haiko." Sehemu ya kwanza mtu anaweza kuitetea mbele ya tribinali. Ya pili haitoki ndani ya ya kwanza. Hata moto wa kweli mtu anaweza kuutumia kufukuza jirani yake shambani.

Kwa ulizo la kituo nilimpa majibu matano. Mara mbili alichagua lile la B: "Watu wa Riposte walikuwa na magari makubwa na pesa nyingi." Ni kweli, wote tuliyaona magari! Lakini halikuulizwa. Mtego mkubwa wa mitihani hii ni jibu lililo kweli, linalouma moyo, na lisilogusa ulizo.

Mara ya tatu aliacha majibu yangu, akaandika lake: "Mtu anaingia kituo kwa sababu amekwisha kugonjwa. Mzima haingii. Lazima kulinganisha mgonjwa na mgonjwa." Nikamwonyesha habari ya mwezi wa 8 mwaka 2019: dawa zilijaribiwa Beni, Butembo, Katwa na Mangina, na kwa dawa mbili zilizoshinda zingine, wagonjwa waliofika wakiwa na virusi vichache, karibu tisa kwa kumi walipona. Alisoma mara mbili. Akauliza: "Baba mkubwa, ile wakati mama jirani alikuwa nyumbani siku ngapi?" Nilimwambia siku sita. Jioni ile hatukuendelea.

Sasa ndiye anayenitungia mimi. Juzi aliniachia karatasi mezani: "Baba mkubwa alisema nikifaulu mtihani atalipa masomo. Sikufaulu. Basi hatalipa. Onyesha kosa." Nimelitazama sana. Neno langu halikusema kitu juu ya kushindwa, basi hilo "basi" lake halisimami. Jibu nimekwisha kuliandika nyuma ya karatasi, lakini sijamrudishia. Kwanza nione kahawa itauzwa bei gani.