Nilivyokijua Kimeng'enya cha Damu

Katika miaka ya 1970, nilipokuwa kijana wa maabara katika hospitali moja ya mwambao wa Tanga, kimeng'enya kiitwacho glukosi-6-fosfati dihidrojenasi, ambacho sisi wa kazi hiyo tulizoea kukiita G6PD, hakikuwa na umbo lolote machoni petu; kilikuwa doa linalong'aa au lisilong'aa. Tulichanganya tone la damu na glukosi-6-fosfati pamoja na NADP, molekuli ambayo kimeng'enya hiki hufanya kazi nayo, tukalidondosha juu ya karatasi ya chujio, na lilipokwisha kukauka tukaliangazia taa ya urujuanimno ndani ya chumba cha giza. Damu timamu iling'aa samawati. Yenye upungufu ilisalia gizani. Kipimo hicho, tunachowiwa na Ernest Beutler, hakikuhitaji mtambo wa thamani, na kwa maabara ya hali yetu hiyo ilikuwa neema kubwa.

Amma haja yake kwetu watu wa pwani ilikuwa dhahiri. Tangu 1956 ilijulikana, kutokana na uchunguzi wa huko Illinois, Marekani, uliofanywa juu ya wafungwa, jambo ambalo dhamiri yangu haijapata kuliridhia, kwamba wale ambao chembe zao nyekundu zilipasuka baada ya kumeza primakwini, dawa ya malaria, walikuwa na upungufu wa kimeng'enya hiki. Mwaka 1960 Anthony Allison, aliyekulia Kenya, akaandika juu ya upungufu huo miongoni mwa watu wa Afrika Mashariki, na mwaka uliofuata yeye na David Clyde wakatoa habari za watoto wa Tanganyika, zilizotilia nguvu rai ya kwamba upungufu huo humkinga mtu kwa kiasi fulani na malaria.

Namkumbuka mama mmoja aliyemleta mwanawe wa kiume, aliyekuwa akimeza dapsone kwa maradhi ya ukoma. “Daktari,” akaniambia, kwani kwetu kila avaaye koti jeupe huitwa hivyo, “mwanangu anakojoa mkojo mweusi kama kahawa.” Macho ya kijana yalikuwa manjano. Nilipoipima damu yake, iling'aa, tena vyema kabisa. Mkuu wetu wa maabara, mzee mwenye subira nyingi, akalitazama doa lile kwa kitambo, akasema, “Mwambie mama amrudishe baada ya miezi mitatu, na dawa ile asiiguse.” Walipokuja tena, doa lilibaki giza.

Mzee akanifafanulia. Chembe nyekundu huishi takriban siku 120, na kwa kuwa haina kiini, haiwezi kujitengenezea protini mpya. Kimeng'enya ilichozaliwa nacho ndicho hicho hicho hadi ife. Katika aina ya upungufu iitwayo A-, iliyoenea sana Afrika, nusu ya kimeng'enya hupotea katika siku 13 hivi, ilhali kwa watu wengine huchukua kama siku 62. Dawa ilikuwa imezipasua chembe kongwe zilizokwisha kuishiwa, zikabaki changa, nazo ndizo zilizong'aa. Basi kijana yule, ambaye sote tungesema hana kimeng'enya, alikuwa nacho, ila hakikudumu.

Kwa nini hakidumu? Swali hilo nilikaa nalo miaka mingi. Mwaka 1986 jeni yake ilisomwa na wanasayansi wa Napoli, Italia, ikadhihirika kuwa kimeng'enya ni mnyororo wa asidi amino 515. Na baadaye ikajulikana kwamba katika A- zimebadilika mbili tu, ya 68 na ya 126. Umbo lenyewe lilitoka Oxford, kwa Margaret Adams, aliyekuwa miongoni mwa wenzi wa Dorothy Hodgkin katika kazi ya insulini. Yeye na wenzake waligandisha protini hiyo kuwa fuwele, wakaipitishia eksirei, na kwa hesabu ndefu wakapata mahali pa kila sehemu: 1994 kimeng'enya cha bakteria, na mwaka 2000 cha binadamu. Daktari mmoja kijana alinionyesha mchoro wake, nami nikautazama hadi chai ikapoa. Asidi zile mbili haziko penye kazi hata kidogo; zikibadilika pamoja huuvuruga mkunjo wa mnyororo. Na lililonistaajabisha zaidi ni molekuli nyingine ya NADP, isiyotumika katika kazi yenyewe, iliyojikita karibu na pale vipande viwili pacha vya kimeng'enya vinapoungana, ikiliimarisha jengo zima.

Mwaka 2018 watafiti wa Stanford walitangaza molekuli ndogo waliyoiita AG1, inayosaidia vipande hivyo viwili kushikana. Imefanya kazi katika maabara. Kuwa dawa ya kumezwa bado. Lakini wameelekea penye kiungo, pale pale jengo linapoimarishwa, na nafsi yangu imefurahi.