Mkoko na Maua Yake: Tafakuri ya Mhakiki

Msemo "ndio kwanza mkoko unaalika maua" nimeufundisha kwa zaidi ya miaka kumi na mitano. Katika mihadhara ya fasihi simulizi nilikuwa nikiuweka pamoja na semi nyingine zinazodokeza mwanzo wa jambo, nikitoa mfano mmoja au miwili, kisha nikisonga mbele. Hapana mwanafunzi aliyewahi kuniuliza maua hayo yana rangi gani. Lau angaliuliza, ningalimjibu kwa ujasiri wa mtu aliyezaliwa bara kwamba ni maua kama maua mengine. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kuliona ua la mkoko.

Nililiona kwa mara ya kwanza Gazi, katika Kaunti ya Kwale, yapata kilomita 50 kusini mwa Mombasa. Kina mama wa kijiji wana kidaraja cha mbao kinachompitisha mgeni katikati ya msitu bila ya kuzama topeni. Mama aliyetuongoza aliinua tawi, akanionyesha. Ua lenyewe ni dogo, jeupe la kuelekea umanjano, lina petali nne zenye manyoya, nalo huinama chini. Halina fahari yoyote. Lililonishangaza zaidi ni lile linalofuata baada ya ua. Mbegu ya mkoko haisubiri kuanguka ndipo iote. Huota ikiwa bado mtini, ikawa kama kijiti cha kijani kinachorefuka na kuning'inia, hata ikomae na kudondoka, ikiwa tayari ni mche. Tangu chipukizi la ua kutokeza hadi mche huo kuanguka, hupita zaidi ya mwaka mzima.

Papo hapo ufafanuzi wangu wa miaka yote ukaanza kunisuta. Msemo ule hausemi tu kwamba jambo limeanza. Unamtahadharisha msikilizaji kuwa safari iliyobaki ni ndefu kuliko anavyodhani, na kwamba anayeliona ua asidhani amekaribia kuona tunda. Isitoshe, kuna suala la kitenzi chenyewe. Wanafunzi wangu wengi (nami nilikuwa miongoni mwao nilipokuwa mwanafunzi) huichukua "alika" kuwa ile ya kumwita mgeni, wakaona hapo tashihisi ya kupendeza ya mti unaokaribisha maua. Lakini kamusi zina "alika" nyingine, ya kutoa sauti ya kitu kinachovunjika au kupasuka. Mimi nashawishika na hii ya pili: chipukizi gumu linapasuka ili ua litoke. Tashihisi tuliyoisifu huenda ni zao la kutouona mti.

Nakiri kwamba hili lilinifedhehesha kuliko makosa mengine ya kitaaluma niliyowahi kusahihishwa. Tunaandika kurasa nyingi juu ya utajiri wa Kiswahili, ilhali utajiri wenyewe umesimama topeni na hatuujui kwa majina. Mikoko ya Kenya ni ya aina tisa. Mwenyeji hatasema "mikoko" tu. Atakutajia mkoko wenyewe, mchu, muia, mkandaa, mlilana na mkomafi. Nao wakataji wanazo istilahi zao za kuainisha miti kwa unene: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Tuitazame hiyo boriti. Vyumba vya nyumba za mawe za Lamu na Pate ni virefu na vyembamba kwa sababu upana wake ulitegemea urefu wa boriti zilizoshikilia dari. Tunaposoma Al-Inkishafi, tunayajadili magofu ya Pate kama jazanda ya ubatili wa dunia, na tunafanya vyema. Lakini sijapata kuandika hata sentensi moja juu ya miti iliyozibeba dari hizo kabla hazijaporomoka. Kwetu kasri ni ishara, na msitu uliolijenga haumo katika uhakiki.

Miti hiyohiyo ilisafirishwa kwa majahazi hadi Uarabuni na Ghuba kwa karne nyingi, mpaka Kenya ilipopiga marufuku uuzaji wake nje mnamo 1982. Huko Gazi maeneo makubwa yalikuwa yamekwisha kufyekwa kwa ajili ya kuni za viwanda, na kazi ya kupanda upya ikaanza mwaka 1991.

Nilikuwa nimekwenda na dhana za ulimbwende kichwani. Nilitarajia kusikia habari za mtu na maumbile kuwa kitu kimoja. Mama yule alizungumzia samaki ambao huzaliana na kukulia kwenye mizizi ile, na maji ya bomba. Chini ya mradi uitwao Mikoko Pamoja, wanakijiji hulinda hekta 117 za msitu na kuuza haki ya kaboni inayohifadhiwa humo, na fedha hizo zimesaidia kuleta maji na kuzifaa shule. Hakutamka neno "mazingira" hata mara moja. Mimi, ambaye hulitamka neno hilo katika kila kongamano, hupikia makaa jijini Nairobi na sijui yametoka mti gani.

Kabla ya kuondoka niliomba nipande. Nikapewa miche 20, nikaanza kuichomeka topeni kwa bidii ya mgeni.

"Mwalimu," akaniita kwa upole, "huo umeupanda miguu juu."

Nikaung'oa. Nilikuwa nimekwisha kuipanda minne namna hiyo. Akanionyesha ncha inayotoa mizizi na upande unaochipua majani, kama vile mimi ninavyomwonyesha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza mizani na vina, ila yeye hakuwa na kiburi changu.

Nilirejea mwaka uliofuata, wakati wa likizo, nikiwa na hamu ya kuihesabu. Maji yalikuwa yamekupwa. Pale nilipopanda palikuwa na miche mingi, mingine imepinda, mingine ina majani mawili tu, na kaa wakipita katikati yake. Bamvua zilikuwa zimeleta miche mingine iliyodondoka kutoka kwa miti mikubwa, nayo ikashika mizizi palepale. Tukainama, mama akihesabu kwa Kidigo, mimi kwa Kiswahili.

"Imesimama kumi na mmoja," akasema, "lakini upi ni wako, mwalimu, siwezi kukwambia."