Kombe la Afrika lije tu, hata kwa mtani

Wadau, mimi ni Yanga damu, ila leo naungama. Mei 2025, hapa Nangara, nilikaa na mzee wangu, Simba lialia, tukiangalia fainali ya Shirikisho. Mwaka 1993 alisikiliza redioni Simba ikipigwa 2-0 na Stella Abidjan pale Dar. Safari hii ikawa sare ya 1-1 Zanzibar, Berkane wakabeba kwa jumla ya 3-1.

Mzee akazima tivii. "Mwanangu, hivi nitaliona kweli?"

Utani ukaniishia. Sisi nasi 2023 tulilikosa kwa USM Alger, sheria ya mabao ya ugenini. Ubingwa wa ligi tumeuzoea jamani. Hili la Afrika mzee aliwahi tu, hata likitua Msimbazi. Wananchi wenzangu, mnisamehe.